Yule wa chini

Mhariri, mmeuliza: ni lini mara ya mwisho ulitazama kitu mpaka ukasahau kutoa simu? Mimi siku yenyewe naikumbuka. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, kabla ya korona, mjini Edinburgh, na simu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lililolowa, koti ambalo nilikuwa nimelikunja nikalikalia.

Naishi Glasgow, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kiskoti aliyenizidi umri sana, alikuwa amekata tiketi mbili, mumewe akashikwa na mgongo asubuhi ile ile. Nikamwuliza huko kuna nini, akasema sarakasi. Nilikubali kwa ajili ya treni kuliko sarakasi. Ni safari isiyofika saa moja, nami nilikuwa sijatia mguu nje ya Glasgow tangu Pasaka.

Edinburgh mwezi wa nane haipitiki. Ile barabara inayoshuka kutoka ngomeni, Royal Mile, imejaa watu wanaokusukumia karatasi za matangazo mkononi, na mvua inakunyeshea bila kukuuliza. Wanasema yote hayo yalianza mwaka 1947. Mji ulifungua tamasha kubwa la sanaa baada ya vita, na vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vikaja hivyo hivyo, vikajitafutia kumbi pembeni. Wadandiaji wale ndio waliozaa Fringe, yaani tamasha la pembeni, na leo wamewazidi wenye shughuli: maonyesho zaidi ya 3,000 ndani ya majuma matatu, makanisani, kwenye baa, mahema na madarasa ya chuo. Wanasarakasi wa Kenya, The Black Blues Brothers, nao wamepanda majukwaa ya huko, na najua kuna wasomaji watakaouliza mbona sikuwataja wao. Sikubahatika kuwaona. Natoa jibu la nilichokiona.

Nilidhani nitakuta farasi. Sarakasi ya Waingereza ilianza na farasi: mwaka 1768 askari mstaafu aitwaye Philip Astley alikuwa akiwazungusha kwenye duara London huku yeye amesimama mgongoni, na upana wa duara lake, kama mita 13, ndio uliobaki kuwa kipimo cha sarakasi za dunia mpaka leo. Mle ndani hapakuwa na farasi wala duara. Palikuwa na sakafu, taa chache, watu saba waliovaa kama wanaokwenda gengeni, na mwanamuziki mmoja pembeni na ngoma zake. Kikundi kinaitwa Gravity & Other Myths, cha Adelaide, Australia, na onyesho lao ni A Simple Space. Tulikaa pande tatu, karibu mno. Ningenyoosha mguu ningemkwaa mtu.

Mwanzo walikuwa wakicheza tu, kama watoto waliotoroka madrasa. Walishindana kuruka kamba, anayekosea anavua nguo moja (mama wa Kiskoti alicheka mpaka machozi, mimi nikatazama dari kidogo, malezi ni malezi). Wakasimama kwa mikono, nasi tukagawiwa mipira ya plastiki tuwatupie mpaka waanguke. Nilitupa miwili. Mmoja ulimpata mtu kisigino, nikajikuta namwambia samahani kwa Kiswahili.

Kisha wakaanza kupandana.

Hapa inabidi niseme kwamba sarakasi si jambo geni kwangu. Nimezaliwa Temeke, na kaka yangu alikuwa mwanasarakasi. Sarakasi yetu ya Tanzania ina mkono wa Wachina ndani yake: miaka ya sitini serikali ilipeleka vijana China kujifunza, waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa mwaka 1969, na wale waliojifunza wakafundisha wengine, na hao wengine wakafundisha watoto wa mitaani kwetu. Mwalimu wa kaka alikuwa wa mkono wa tatu au wa nne. Walifanya mazoezi kwenye mchanga nyuma ya shule, jioni, bila godoro. Baadaye wenzake wawili walikwenda Bagamoyo kusomea sanaa, yeye akaenda kutumbuiza kwenye hoteli moja ya ufukweni, usiku tatu kwa wiki, mpaka bega lilipokataa.

Kaka alikuwa wa chini. Mnara ukijengwa, wa kwanza kusimama ni yeye, wa mwisho kupumzika ni yeye. Na mimi, mdogo wake wa damu, sikuwahi kumtazama. Nani anamtazama wa chini? Macho yote yanapanda juu, kwa yule mtoto mwepesi anayesimama kileleni akinyoosha mikono. Hotelini watalii nao wanapiga picha ya huyo huyo. Kaka kwenye picha hizo ni suruali nyekundu na magoti.

Edinburgh sikuwa na njia ya kutazama juu. Nilikaa mstari wa mbele, chini kabisa, na wa tatu alipomaliza kupanda mabegani kwa wa pili, kichwa chake kilikuwa karibu na taa; kumtazama kuliumiza macho. Kwa hiyo nikabaki na kilichokuwa mbele yangu: miguu ya yule wa chini. Nikaona misuli ya paja ikitetemeka kama maji kwenye sufuria kabla hayajachemka. Nikaona vidole vya miguu vikiishika sakafu na kuiachia, kuishika na kuiachia. Tulipodhani mnara umetulia kama nguzo, huku chini kulikuwa na kazi isiyosimama hata sekunde.

Na nikasikia. Hicho ndicho kilichonisahaulisha simu. Hotelini kwetu muziki hufunguliwa mpaka mwisho, husikii mtu. Pale ngoma ilinyamaza, nikasikia viganja vikishika vifundo vya miguu, nikasikia pumzi za watu watatu zikipishana, na nikasikia yule wa chini akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeelekeza gari lirudi nyuma: bado, bado, sasa. Wa juu akaruka. Wawili walikuwa wameshafika pa kumdakia kabla mimi sijajua atatokea upande gani.

Si kila kitu kilienda. Kuna kitu walijaribu kikawaponyoka, wakacheka, wakarudia. Sijui kama kuponyoka kwenyewe kulipangwa, na sikutaka kumwuliza mtu. Hawakutabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Aliyechoka alionekana amechoka, akaenda pembeni akanywa maji mbele yetu. Mwenzangu aliniinamia akanong'ona kwamba kazini wangefukuzwa wote kwa jinsi wanavyonyanyua watu. Kweli. Sisi mzee hanyanyuliwi kwa mikono, kuna mashine yake, na kuna karatasi ya kusaini.

Saa moja ikaisha. Kwenye Fringe hawakupi nafasi ya kukaa ukashangaa, onyesho lingine linangoja mlangoni na mabango yake. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka simu, na ndipo nikajua sina hata picha moja ya kuwatumia nyumbani.

Nikampigia kaka nikiwa kwenye treni. Dar ilikuwa usiku, alikuwa amefunga duka lake la vipuri vya pikipiki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza. Hakushangaa urefu wa mnara. Alisema wao walifika wanne. Hakushangaa mipira. Alichouliza ni: "Yule wa chini alikuwa anatazama wapi?"

Nikafikiri. Nikamwambia, mbele tu, kama hatazami kitu.

"Basi huyo anajua," akasema. Akanieleza kitu ambacho kwa miaka yote tuliyolala chumba kimoja hakuwahi kunieleza, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza. Aliye juu kazi yake ni kukaza mwili, awe kama mlingoti, asijirekebishe hata akihisi anaanguka. Usawa hautafuti yeye. Anautafuta wa chini, kwa nyayo na kiuno, na hawezi kuinua macho kuangalia; habari za juu anazipata kwa uzito unavyohama mabegani. Wa juu akianza kujirekebisha mwenyewe, na wa chini naye anarekebisha, basi kila mmoja anamharibia mwenzake na wote wanakwenda chini. Bega lake liliharibika siku ambayo mtoto wa juu aliogopa akajirekebisha.

"Ile Sabasaba mliyokuja wote na mama," akasema, "nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unamwita Hamisi. Hamisi! Hamisi!"

Hamisi alikuwa mtoto wa jirani, ndiye aliyekuwa kileleni. Nikakosa la kusema. Treni ilikuwa inapita Falkirk.

Akauliza kama hao wa Australia walikuwa wanaongea huku wamebebana, maana mwalimu wao aliwakataza, alitaka meno tu yaonekane. Nikamwambia ndiyo, wa chini anaongea, tena tunamsikia.

"Anasemaje?"

"Bado. Bado. Sasa."

Kaka akacheka kwa muda mrefu. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo," akasema. "Ila kimoyomoyo."