Pilipili manga zinanyauka, na mnunuzi anazitaka mbichi

Dada, umesema pilipili manga zako huko Amani zinanyauka masika hii, na mnunuzi anazitaka mbichi.

Fukua kidogo pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta pameoza na kuwa peusi, huo ni ugonjwa wa kuoza shina, na maji ndiyo yanayousambaza. Dawa haiufufui mmea uliokwisha oza. Ung'oe na mizizi yake, uchome nje ya shamba, wala usipande mwingine palepale. Chimba mifereji, maana mvua ya Usambara Mashariki haina adabu. Punguza matawi ya miti ambayo pilipili zimeitambalia ili hewa ipite, na palilia kwa mkono karibu na shina. Jembe linajeruhi mizizi.

Mnunuzi sasa. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Piga hesabu hiyo mbele yake kabla hujapokea hata shilingi. Kama ada ya shule haijakubana, kausha mwenyewe. Chuma shada punje moja mbili zikianza kuwa nyekundu, pukuchua, zitose kwenye maji ya moto dakika moja hivi, kisha anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Jua la huko ni la kuvizia, kwa hiyo asikosekane mtu nyumbani wa kuanua.

Vipando vya kujazia mapengo usichukue kwenye shamba lililonyauka, hata jirani akikupa bure.