Kabla hujalipia kozi ya meno, fungua rejista yako

Mdogo wangu, unasema uko hospitali ya wilaya mwaka wa pili, umejibana umepata milioni moja na nusu, na kozi tatu zinakuvuta: implanti, yaani jino bandia la kufungwa kwa skrubu kwenye taya, siku mbili hotelini; matibabu ya mzizi, yaani kusafisha na kujaza mifereji ya ndani ya jino, siku nne; na mihadhara ya mtandaoni yenye pointi nyingi za kuhuishia leseni kwa bei chee. Nilishapita hapo, na nilianza vibaya.

Mwaka wangu wa tatu kazini nililipia implanti. Kiyoyozi, chakula safi, mkufunzi anayejua kazi yake. Tulifunga skrubu mbili mbili kwenye taya la plastiki, tukapiga picha, tukapewa vyeti. Nikarudi kituoni, penye eksirei ndogo ya jino moja moja na wagonjwa ambao bei ya implanti moja wangeinunulia ng'ombe. Mpaka leo sijaweka hata moja. Cheti kipo ukutani, wagonjwa hukisifia.

Siku moja umeme ukakatika, nikakaa kuhesabu rejista ya miezi mitatu. Kung'oa, kung'oa, kung'oa. Magego ya kwanza ya vijana wa miaka 19, 20, ambayo mengi yangeokoka. Ukweli ni kwamba mifereji ya gego ilikuwa inanitisha, basi nikishika koleo. Kozi niliyoihitaji ilikuwa imeandikwa pale kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Safari hiyo nikawauliza waandaaji: mikono yangu itafanya nini? Mmoja alinitumia brosha. Mwingine akasema, "Njoo na magego kumi uliyong'oa, kwenye formalini." Nikaenda kwa huyo. Siku ya kwanza tu nikatoboa sakafu ya gego la juu, faili, ile sindano nyembamba ya kusafishia mifereji, ikachomoza kwenye panda ya mizizi. Mkufunzi hakufoka. Alichukua diski, akalipasua jino katikati, akanionyesha nilikoanza kuinamisha mashine. Siku ya tatu tukatafuta mfereji wa nne, ule unaojificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu. Magego mengi ya kwanza ya juu yanao. Kumbe yale machache niliyowahi kuthubutu kuyatibu nilijaza mitatu, kisha nikawashangaa wagonjwa waliorudi wanaugulia! Baada ya kozi mkufunzi aliendelea kupokea picha zetu za eksirei kwa WhatsApp miezi sita. Hiyo miezi sita ndiyo naona nililipia hasa.

Mihadhara ya mtandaoni siidharau, ila ichukue kwa mambo ya kichwa. Saa moja ya somo la ganzi ilinitoa jasho: katriji, kile kichupa cha dawa ya ganzi, ya ml 1.8 ya lidokeini 2% ina mg 36. Kwa kipimo cha mg 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni mg 66, yaani katriji mbili zimeshapita. Mimi nilikuwa nakadiria kwa macho.

Na kama rejista yako imejaa watoto wa miaka mitatu, minne, tafuta mafunzo ya SDF, ile dawa ya fedha na fluoridi inayopakwa kwenye jino kusimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na nusu siku inatosha kuielewa. Kuipaka ni rahisi. Ugumu ni kumweleza mama, kabla hujapaka, kwamba palipooza patakuwa peusi tii. Kozi isiyokufundisha maneno hayo haijakufundisha kitu.

Pointi nazo, uliza kabla ya kutuma pesa kama kozi imepitishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuna waandaaji walinihakikishia kwa mdomo, kumbe hawakuwa wameiombea kibali, nikahangaika wakati wa kuhuisha leseni. Na ukiona mkufunzi ndiye huyohuyo muuza vifaa, kaa chonjo.

Kwa maelezo yako ningechukua ya mzizi. Ila ongea kwanza na mganga mfawidhi kama atanunua faili na gutapecha, ile ya kujazia mifereji. Mimi nilirudi na ujuzi, nikakaa miezi miwili bila vifaa, boksi la kwanza likatoka kwenye mshahara wangu. Magego kumi anza kuyakusanya wiki hii, na uwaombe wenyewe kwanza, maana wengine hutaka kuondoka na jino lao.