Kuchagua skeitibodi ya kukata kona na kupampu: tuanzie chini ya ubao

Skeitibodi yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa na mchoro wa kupendeza, magurudumu madogo ya milimita 52, magumu kama mfupa, nami nikaamini kwamba ubao ukiwa mzuri na mengine yatakuwa mazuri. Asubuhi ya kwanza katika Barabara ya Toure, upande wa Coco Beach jijini Dar es Salaam, gurudumu la mbele lilinasa kwenye kokoto iliyo sawa na punje ya hindi, ubao ukasimama ghafla, nikaangukia viganja. Tangu siku hiyo nimebadilisha karibu kila kipande cha chombo hicho, na ushauri wangu kwa anayetaka kukata kona pana, kupampu na kucheza slalomu, yaani kupita kwa zigizaga kati ya koni zilizopangwa mstari, ni kwamba achague kwanza traki, kisha bushi, kisha magurudumu, na ubao wenyewe aufikirie mwisho.

Kupampu ni kuiendesha skeitibodi bila mguu kugusa chini. Unakunja magoti unapoingia kwenye kona na kusukuma kwa miguu unapotoka, mabega yakitangulia na nyonga zikifuata, na kila kona inakuongezea mwendo kidogo, kama mtoto aliyezoea bembea anavyojirusha juu zaidi bila kusukumwa na mtu. Ili jambo hilo liwezekane, traki, yaani vile vyuma viwili vinavyobeba ekseli na magurudumu, lazima zigeuke kwa wepesi ubao unapoinama. Skeitibodi nyingi za kawaida zina traki ambazo boliti yake kuu imeelekea ndani, katikati ya ubao. Hizo huwafaa wanaoruka ngazi na kusaga kingo za saruji. Kwa kona, tafuta zile ambazo boliti kuu imeelekea nje, kwenye ncha za ubao, kwa sababu hugeuka kwa upole na kurudi katikati zenyewe.

Hapa ndipo penye siri ambayo ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa. Traki ya mbele na ya nyuma hazipaswi kugeuka sawasawa. Traki nyingi za aina hii zina pembe ya nyuzi 50, yaani mwinamo wa mhimili ambao ekseli huzungukia, na ukiuinamisha ubao nyuzi 10, ekseli yake huzunguka karibu nyuzi 12. Traki ya nyuzi 30, kwa mwinamo uleule, huzungusha ekseli chini ya nyuzi 6. Ukiweka ya 50 mbele na ya 30 nyuma, mbele hutafuta njia, nyuma hutulia na kupokea msukumo wa miguu, na nguvu yako inakwenda mbele. Zikiwa sawa pande zote mbili, mkia unayumba huku na huku, unachoka, na mwendo hauongezeki. Nilihangaika miezi mingi nikidhani tatizo ni mapaja yangu.

Si lazima ununue traki nyingine ya nyuma. Mimi nilikwenda kwa fundi seremala, akanichongea kipande cha mninga chenye mshazari wa nyuzi 10, nikakiweka kati ya ubao na traki ya nyuma na kutafuta boliti ndefu zaidi. Angalia uelekeo wa mshazari kabla ya kukaza, maana ukikigeuza kipande hicho pembe itaongezeka badala ya kupungua. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: uweke ubao sakafuni, uinamishe kwa mkono, utazame ni ekseli ipi inazunguka zaidi. Iwe ya mbele.

Baada ya traki ni bushi, vile vipira viwili vinavyobanwa na boliti kuu. Nilinunua skeitibodi yangu ya pili ikiwa imetumika, nayo ilikuwa nzito kugeuka kiasi kwamba nililegeza nati mpaka ikakaribia kudondoka. Siku moja nilikuwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, nikitafuta washa, kile kipete bapa cha chuma kinachokaa juu ya bushi, nikamwonyesha fundi mmoja mtu mzima anayefahamu bushi za magari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akabonyeza kipira kwa ukucha wa kidole gumba, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Mwanangu, hii ni ya mtu wa kilo 90. Wewe una ngapi?” Nilikuwa na kilo 58. Alikuwa hajawahi kushika skeitibodi, lakini alilijua jambo ambalo muuzaji wangu hakuniambia: bushi huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji.

Ugumu wake huandikwa kwa namba na herufi A, na kadiri namba inavyopungua ndivyo kipira kinavyokuwa laini. Mimi nimetulia kwenye 80A mbele na 83A nyuma, na rafiki yangu wa kilo 85 hutumia 90A. Usijaribu kurekebisha bushi isiyokufaa kwa nati. Kaza mpaka washa isiweze tena kuzungushwa kwa vidole, ongeza robo mzunguko, basi. Ikiwa bado ubao unayumba au unagoma, badilisha kipira.

Kuhusu magurudumu, barabara zetu zimeshaamua. Zamani yalitengenezwa kwa chuma na kwa udongo mgumu, na hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy wa Marekani alipoleta ya poliyurethani, ambayo hushika lami na kupita juu ya vijiwe. Kwa Dar es Salaam chukua milimita 65 hadi 70, ugumu wa 78A hadi 80A. Makubwa zaidi ya hapo huanza kugusa ubao kwenye kona kali, na gurudumu likigusa ubao linasimama papo hapo. Paka chaki juu ya magurudumu yote manne, simama juu ya ubao ukiwa umeshika ukuta, uinamie upande mmoja hadi mwisho, kisha upande wa pili. Ukigeuza ubao na kukuta alama ya chaki, ongeza kipande cha kuinua traki cha milimita 6 na upime tena. Usitoke barabarani kabla ya kufanya hivyo.

Ubao sasa. Kinachohusika zaidi ni umbali kati ya traki mbili. Kwa slalomu ya koni zilizokaribiana, sentimita 45 hadi 55 zinatosha, na ubao uwe mkakamavu ili msukumo usipotee. Kwa kukata kona pana na kupampu safari ndefu, 60 hadi 70 ni raha zaidi, na ubao unaonepa kidogo, hasa wa mianzi na faiba, hukurudishia nguvu unapotoka kwenye kona. Zipo pia skeitibodi za mtindo wa kuteleza kwenye mawimbi, kama za Carver zilizoanzia Venice, California, katika miaka ya 1990, ambazo traki ya mbele ina mkono unaozunguka. Ni tamu kwa kona, lakini kwa slalomu ya kasi siziamini, kwa kuwa mbele huwa nyepesi mno.

Koni si lazima zinunuliwe. Chupa za maji za nusu lita, zilizojazwa mchanga hadi robo na kupangwa kila baada ya mita 2, zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Tafuta eneo tambarare lisilo na magari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bodaboda hazijachangamka, ukiwa na helmeti kichwani.

Mwisho ni beringi za ndani ya magurudumu, ambazo mchanga na hewa ya chumvi huziua mapema. Saizi yake ni 608, na madukani Kariakoo zinapatikana za aina mbili: zenye herufi ZZ zina vifuniko vya chuma, zenye 2RS zina vifuniko vya mpira. Chukua 2RS. Zikilowa msimu wa masika, zitoe siku hiyohiyo, zifute, zianike kivulini, uzitie tone la oili nyepesi. Nilipoziacha zangu usiku mmoja tu ndani ya begi lililolowa, asubuhi mbili kati ya nane zilikuwa hazizunguki.