Usiku niliofungua daftari la madeni

Saa nane usiku, ndani ya neti, nimegeukia ukutani ili mwanga wa simu usimfikie mume wangu. Nasoma ujumbe ule ule kwa mara ya nne: kesho ikipita bila marejesho, wanakuja na gari kubeba vitu. Nilikuwa nimesali kabla ya kulala, tena kwa machozi. Lakini niliposema amina tu, nikawasha simu na kuanza kupiga hesabu upya, na hesabu ilikataa kukaa.

Ilikuwa Januari 2023, hapa Moshi. Shule binafsi niliyokuwa nafundisha ilikuwa haijatulipa tangu Oktoba. Baba watoto alikuwa dereva wa lori. Tajiri wake akauza gari, naye akabaki na vibarua vya siku moja moja. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, watoto wanataka sare na madaftari. Nikaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, laki mbili, marejesho elfu kumi kila siku kwa siku 26. Yaani laki mbili na elfu sitini, na hata mwezi haujaisha. Siku ya tisa nikakwama. Nikakopa kwenye simu nilipe kausha damu, kisha nikakopa kikoba, kikundi chetu wanawake cha kuweka na kukopeshana, nilipe simu. Mume wangu hakujua hata moja.

Namwandikia mpendwa aliye ndani ya neti usiku wa leo, kwa sababu wakati ule nilitamani mtu aniambie ukweli huu: nilikuwa nasema nimemwachia Mungu, kumbe hata sikujua nadaiwa kiasi gani. Neno lile jema nililigeuza shuka la kujifunika uso. Niliogopa kujumlisha. Nikawa namwomba Mungu "anifungulie milango" huku mlango wa chumba changu mwenyewe, kati yangu na mume wangu, nimeufunga kwa ufunguo.

Usiku ule nilimwamsha. Nilianza kwa kulia, sikuweza kuanza na maneno. Tukatoka sebuleni, akachukua daftari la hesabu la mtoto lililobaki kurasa za nyuma, mimi nikataja, yeye akaandika. Wadai saba. Alipojumlisha ikatoka milioni moja na laki moja na elfu arobaini. Mimi kichwani nilikuwa nimebeba kama milioni mbili. Hofu ilikuwa imeongeza riba yake juu ya riba ya wenye fedha. Baba watoto akaweka kiganja juu ya ukurasa, akaomba akitaja deni moja moja na kiasi chake, kama mtu anayesoma orodha mbele ya mzazi. Kesho yake alinikasirikia, na nilistahili. Ilituchukua wiki nzima kurudi kuongea vizuri. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, nililala.

Baada ya hapo ndipo nikausoma upya mstari tunaoubandika kwenye vioo vya daladala, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nilikuwa nikiushika kama ahadi ya kupata. Rudi nyuma mistari miwili tu, Wafilipi 4:11, Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi." Anaandika akiwa kifungoni. Anataja kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, halafu ndipo anasema anayaweza yote. Kumbe kuona njaa bila kumwacha Bwana nako ni miongoni mwa hayo mambo yote. Tena anasema amejifunza. Hakuzaliwa nako, wala hakukupata kwa kuwekewa mikono mara moja. Neno hilo lilinipumzisha sana, maana nilikuwa najihukumu kwamba wasiwasi wangu ni ushahidi sijaokoka vizuri. Nilikuwa mwanafunzi tu, niko darasa la kwanza.

Kuna mama mwingine aliyetusaidia, yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mdai alikuwa anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha anamuuliza: una kitu gani nyumbani? Hilo swali tulilichukua kama lilivyo, tukazunguka nyumba na kalamu. Friji ilikuwepo, tukaiuza wenyewe kwa bei ya maana kabla hawajaibeba kwa bei yao. Na chini ya kitanda kulikuwa na cherehani ya marehemu mama yangu, imefunikwa kanga, haijaguswa miaka minne. Nikaitia mafuta, nikanunua mkanda mpya, nikaiweka barazani. Mteja wa kwanza alileta suruali ya shule ya mwanawe nibadilishe zipu, shilingi elfu moja na mia tano. Niliishika ile fedha muda mrefu. Halafu angalia mpangilio wa Elisha: uza mafuta, lipa deni, kisha mle kilichobaki. Deni linatangulia. Sisi tulizoea kula kwanza, na kinachobaki, kama kipo, ndicho cha mdai.

Wadai nao, nakusihi, wafuate wewe kabla hawajakufuata. Mume wangu alikwenda mwenyewe kwa wale wa kausha damu, akaomba tulipe elfu tano kwa siku. Siku ya kwanza walikataa, siku ya tatu wakakubali. Kukopa ili kulipa mkopo tuliacha kabisa, hata siku ambazo ilionekana hakuna njia nyingine.

Na hili naliandika kwa uchungu: usikope ili upande mbegu. Mimi niliwahi kutoa elfu hamsini ya kikoba madhabahuni nikitarajia irudi mara mia, na wiki ile watoto walikunywa uji usio na sukari. Sadaka ni shukrani. Fedha ya kikoba ilikuwa ya wanawake wenzangu, haikuwa yangu kuitoa. Siku hizi natoa kidogo, lakini ni changu.

Wengine huuliza kama kuweka akiba ni kukosa imani. Soma habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Waliolimbikiza kwa hofu waliikuta imeoza asubuhi. Lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliwapa maradufu waiweke kwa ajili ya Sabato, na haikuoza. Basi nimejifunza kuuliza moyo wangu kila ninapoweka kitu: naweka kwa utii au kwa woga? Mara nyingi jibu nalijua kabla sijamaliza swali.

Kilichokuwa kigumu kuliko kulipa ni kupokea. Usharikani kwetu, baada ya ibada, mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa pale nje. Jumapili moja mwezi wa tatu nilisimama pembeni nikiwa na elfu mbili tu mkononi, naangalia mkungu wa ndizi ukipanda bei. Mama mmoja mtu mzima akaununua, akaja akauweka miguuni pangu, akasema, "Mwanangu, hizi ni za watoto," akaondoka kabla sijapata la kusema. Nilitaka kumkimbilia nimrudishie. Nikamkumbuka Paulo, ambaye baada ya kusema yuko radhi na hali yoyote, alipokea kwa furaha zawadi ambazo Wafilipi walimtumia kwa mkono wa Epafrodito. Nikainama, nikajitwika mkungu wangu.

Deni la mwisho tulilimaliza Novemba. Kodi bado inatubana, na Januari hii tena ada imelipwa nusu. Daftari liko juu ya meza ya cherehani, kila mtu nyumbani anaweza kulifungua. Jioni tunaandika kilichoingia na kilichotoka, na chini yake mtoto mkubwa anaandika jambo moja la kushukuru. Jana aliandika: "Mama amecheka."