Meza ya Maswali: Rangi ya Udongo, Uwanja Uliopinda, Mtoto "Asiye na Sauti" na Mchwa wa Maktaba

Toleo hili tumechagua barua nne, zote za mkoa wa Kigoma, zote kuhusu vipindi ambavyo mtihani ukikaribia huwa vya kwanza kufutwa.

Nafundisha sanaa darasa la tatu hapa Ujiji, watoto 90. Rangi za dukani sizimudu. Nimejaribu udongo mwekundu na maji, lakini picha ikikauka rangi yote inahamia mikononi. Mwenzangu anasema nichanganye na mawese. Ni sawa?

Mawese hapana, Mwalimu. Rangi yake inashawishi, tunajua, lakini mafuta ya mchikichi hayagandi yakawa magumu kama mafuta ya kitani yanayotumiwa na wachoraji. Yatasambaa kwenye karatasi, doa litokee upande wa pili, na ukizipanga picha pamoja zitachafuana zote.

Udongo wako hauna kosa, umekosa tu kitu cha kuushika. Maji yakishakauka, chembe zinabaki zimelala juu ya karatasi. Tumia uji wa muhogo. Chukua vikombe 6 vya maji, kikombe cha robo lita, na robo tatu ya kikombe cha unga uliochekechwa vizuri. Vuruga unga kwenye kikombe kimoja cha maji ya baridi hadi mabonge yaishe. Vile vitano vilivyobaki vichemshe, kisha mimina mchanganyiko huku unakoroga. Uji ukipoteza weupe na kuanza kung'aa, epua, funika, uache upoe.

Gawa uji mafungu matatu. Fungu la kwanza tia kikombe kimoja cha udongo mwekundu uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu. La pili, kiasi hichohicho cha udongo mweupe. La tatu, nusu kikombe cha mkaa. Mkaa utwange ukiwa na maji kidogo ili vumbi lisiwaingie watoto kifuani, na udondoshee matone mawili matatu ya maji ya sabuni. Bila hivyo utaelea juu na kukataa kuchanganyika.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Ikikauka na bado inafutika kwa kidole, uji ni mdogo. Ikipasuka na kubanduka kama magamba, imepakwa nene mno au uji umezidi. Bizari inatoa manjano nzuri, ila ukibandika picha ukutani penye jua itapauka. Majani ya mchicha usihangaike nayo: kijani chake hugeuka kahawia.

Vikundi 15 vya watoto sita, kila kundi vijiko viwili vikubwa vya kila rangi, na bado utabaki na ya kuongeza. Brashi ni kijiti kibichi kilichopondwa ncha kama mswaki, kila mtoto chake. Chora kwenye maboksi. Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa. Na usipike wa wiki nzima, kwa joto la Ujiji uji huo utachacha mapema.

Uwanja wetu wa netiboli hapa Kasulu umepinda. Shule jirani walipokuja kwa maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, walilalamika kuwa upande mmoja ni mfupi. Tunapimaje bila vifaa vya fundi?

Walilalamika kwa haki. Uwanja ni meta 30.5 kwa 15.25, na ukipima pande nne tu bado unaweza kupata umbo lililolala upande, kwa sababu hakuna kilichohakikisha pembe. Kinachokosekana ni ulalo, yaani kipimo cha kona hadi kona: meta 34.1.

Piga vigingi viwili, A na B, umbali wa meta 30.5. Mtu mmoja ashike kamba ya meta 15.25 kutoka A, mwingine ya meta 34.1 kutoka B. Zinapokutana zote zikiwa zimekazwa, hapo ndipo kona ya tatu. Rudia kwa kubadilishana: 15.25 kutoka B, 34.1 kutoka A. Mwisho pima kati ya kona hizo mbili mpya. Kama si 30.5, kuna aliyelegeza kamba. Epuka nailoni, maana inavutika na kila mvutaji ana nguvu zake. Katani nayo ikilowa hufupika, kwa hiyo pima asubuhi kavu.

Sehemu tatu za uwanja ni meta 10.17 kila moja. Nusu duara ya kufungia ina nusu kipenyo cha meta 4.9, ukianzia katikati ya mstari wa goli, na mduara wa katikati kamba yake ni sentimeta 45. Pete iwe juu meta 3.05, kwa darasa la tatu na la nne ishusheni hadi 2.4, la sivyo watoto watajifunza kurusha kwa kiuno badala ya viganja. Uwanja uelekee kaskazini na kusini, jua la jioni lisimpige mfungaji usoni. Mistari chora kwa jivu. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho.

Binti yangu wa darasa la pili, hapa Mwanga, ameambiwa kwenye kwaya ya shule afungue mdomo tu asitoe sauti kwa kuwa "hana sauti". Nimsaidieje?

Mama, kabla ya kumlaumu mtoto uliza nani anaanzisha wimbo. Mwalimu wa kiume akianzisha kwa sauti yake nzito, mtoto wa miaka saba hujaribu kuifuata chini huko, na kinachotoka ni mngurumo. Sauti ya umri huo imekaa juu zaidi. Mwombe mwalimu amwachie msichana mmoja anayeimba vizuri aanzishe.

Nyumbani mchezeshe: amwite mwenzake wa ng'ambo ya barabara, "Weee!", kisha aipandishe na kuishusha sauti bila kukata. Halafu umwimbie vipande vya noti mbili tatu, naye arudie. Dakika tano kwa siku zinatosha. Kama pia huuliza "ati?" mara kwa mara, au sikio linatoa usaha, mpeleke kituo cha afya.

Maktaba yetu Uvinza ni kabati moja. Mchwa wamekula vitabu, na wapo wanaoshauri tunyunyize chumvi. Vilivyochanika tunavibandika selotepu.

Chumvi Uvinza ipo tele, lakini iacheni jikoni: masika ikifika inavuta unyevu na kulowesha karatasi. Dawa ya unga pia isiwekwe kabatini, watoto hulamba vidole wakifunua kurasa. Sogezeni kabati sentimeta 10 kutoka ukutani, miguu iingie kwenye makopo yenye oili chafu, na kila Ijumaa mtu apige tochi nyuma. Njia ya udongo ikionekana, ivunjwe siku hiyohiyo.

Selotepu hugeuka njano, gundi yake ikachafua kurasa za jirani. Kateni ukanda wa karatasi nyeupe laini, upana wa sentimeta moja, mpake uji mwepesi wa ngano, bandikeni, kisha kitabu kilale chini ya tofali usiku kucha na kipande cha nailoni kila upande wa ukurasa huo. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Kisimamisheni wima kivulini penye upepo, kurasa zimeachana. Zile za kung'aa zitenganisheni zikiwa bado mbichi, kwani zikikauka zimegusana hazitoki tena.