Siku 375 na Mabati ya Muheza

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye hitima ya jamaa yetu hapa Ohio. Pilau imeshaliwa, vikombe vya chai vinazunguka, kijana mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole. Anaondoka Marekani tarehe 10 Juni, anarudi 15 Desemba. "Miezi sita na siku tano tu, kaka. Si nina kadi ya ukaazi, green card?" Wenzake watatu wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba hata mwaka mzima unakaa, mradi uwe na pamiti ya kurudi, ile ruhusa ya maandishi ya kukaa nje muda mrefu na kuingia tena Marekani. Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kusema, lakini hitima ya mtu si mahali pa kupandisha sauti, nikanyamaza mpaka nyumbani. Huko nikamsumbua mke wangu badala yao.

Kwa hiyo nawaandikia, wadogo zangu wenye kadi mnaoutaka uraia wa Marekani, jinsi safari ndefu inavyouchelewesha. N-400, fomu ya kuomba uraia, mnaijua; I-131, fomu ya kuomba pamiti ya kurudi, mnaijua; sitawaanzishia alifu na be.

1. Kadi ina daftari lake, uraia una lake.

Ofisa wa uwanja wa ndege anataka kujua kama bado unaishi Marekani au umeshahama. Akikupitisha na kukukaribisha nyumbani, kazi yake imeishia hapo. Yule atakayekaa na N-400 yako miaka kadhaa baadaye ana maswali yake. Ndani ya miaka mitano iliyopita, makazi yako hapa yalikatika? Na wewe mwenyewe, kwa miguu yako, ulikuwa ndani ya nchi angalau nusu ya muda huo? Hayo ni maswali mawili, na unaweza kufaulu moja ukaanguka jingine. Safari moja inayozidi miezi sita inaleta dhana kwamba makazi yamekatika, na mzigo wa kuonyesha kwamba hayakukatika unabeba wewe. Safari ya mwaka au zaidi haina cha dhana. Yamekatika, hata uwe na sababu ya kuliza mawe.

2. Pamiti ya kurudi inalinda kadi. Uraia haiujui.

Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoungua.

Nilishinda lotari ya kadi nikaingia Marekani Juni 2012. Mwishoni mwa 2013 mama akapata kiharusi kule kwetu Muheza, Tanga. Nilifanya mambo kama mtu mwenye akili zake: nikajaza I-131 nikiwa bado hapa, nikangoja nikaweka alama za vidole, ndipo nikapanda ndege tarehe 9 Januari 2014. Pamiti nikaenda kuichukua ubalozi wa Marekani, Msasani, Dar. Ya miaka miwili! Nikaitia kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Kila shangazi aliyeniuliza kama sitafukuzwa Marekani nilimwonyesha.

Kwa miaka mingi nikiulizwa kwa nini nilichelewa kupata uraia, nilikuwa najibu "mama aliugua", na watu wanainamisha vichwa, wananipa pole. Leo niseme kweli. Kufika Agosti mama alikuwa anatembea na fimbo yake, anamgombeza mjukuu kwa kuunguza maharage. Septemba alishaanza kuniuliza, "Hivi wewe kazini kwako hawakuhitaji?" Aliyenibakiza si mama. Ni mabati.

Nilikuwa nimenyanyua nyumba ya vyumba vitatu, tofali zimefika kwenye lenta, nikaapa siondoki bila kuona paa. Mnajua nyumba ya mbeba boksi, sisi tunaofanya kazi ughaibuni, inavyojengwa kwa WhatsApp: unatumiwa picha ya nyumba ya jirani na wewe unatuma hela ya dirisha. Sasa nipo mwenyewe, nani wa kunidanganya? Fundi akachukua hela ya mbao mwezi wa kumi, akaenda nayo kwenye kazi ya mtu mwingine Korogwe. Novemba akarudi, akapiga kenchi upande mmoja, akasema mvua. Tarehe 3 Januari mabati yakafika, ya bluu, na mimi nilikuwa nimelipia mekundu. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 5. Nikapiga simu kwenye shirika la ndege, nikaisogeza mpaka tarehe 19, nikalipa dola 200 za kubadili huku nacheka. Pamiti si bado ina mwaka mzima ndani yake?

Nikatua tarehe 20 Januari 2015. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zinahesabiwa kuwa ulikuwa ndani ya Marekani, kwa hiyo kwa hesabu yao nilikuwa nje siku 375. Ningepanda ile ndege ya tarehe 5 ningekuwa nje chini ya mwaka, na ningekuwa na la kujitetea. Kazini nilikuwa nimechukua likizo isiyo na malipo, barua ninayo. Chumba changu nilikuwa naendelea kukilipia. Kodi ya mapato nilijaza kama mkaazi. Vithibitisho vyote ninavyowahubiria leo nilikuwa navyo. Siku kumi zilivigeuza karatasi za kufungia karanga.

Na uwanjani wala sikupata tabu. Ofisa akaitazama pamiti, akaniuliza mama anaendeleaje, akanikaribisha nyumbani. Nikaamini yamekwisha.

Machi 2017 nikatuma N-400, siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia kama inavyoruhusiwa, dola 725 pamoja na za vidole. Siku ya usaili nikajibu maswali sita ya uraia bila kukosa hata moja, ofisa akaacha kuuliza. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi. Yule ofisa alikuwa mama mtu mzima, mpole, miwani inaning'inia kwenye cheni. Akafika kwenye ukurasa wa safari. Kalamu yake nyekundu ikawa inapiga vema, vema, vema, halafu ikasimama. Akazirudia tarehe zangu kwa sauti ya chini, mara mbili, kama mtu anayehesabu chenji. Mimi hapo nikachomoa pamiti kwenye bahasha yake ya plastiki, nikaisukuma mezani kama anayeshusha turufu. Akaifungua, akaisoma, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii ilikuwa ya kulinda kadi yako," akasema. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningepata wa kumchukia.

Barua ya kukataliwa ikaja. Kanuni ni kwamba ukishakata makazi kwa mwaka au zaidi, unaomba tena baada ya miaka minne na siku moja tangu uliporudi. Kwangu ni 21 Januari 2019. Lakini ngoja: ukirudi nyuma miaka mitano kutoka tarehe hiyo, karibu mwaka mzima wa ile safari bado umo ndani, kwa hiyo ile dhana ya miezi sita inakungoja mlangoni. Wakili akanishauri nivute subira mpaka miaka minne na nusu. Nikatuma Agosti 2019, dola 725 nyingine. Usaili ukapangwa Machi 2020, na Machi 2020 hamna haja ya kusimuliwa. Ofisi zikafungwa. Nikaja kuhojiwa na kuapa Septemba, barakoa usoni, viti vimeachanishwa kama tuna ugomvi, mke wangu yuko garini kwenye maegesho maana familia hazikuruhusiwa kuingia.

Miaka minane badala ya mitano. Na mwenye kadi hawezi kumwombea mzazi wake kadi. Mpaka awe raia. Jioni ile nilimpigia mama nikamwambia sasa naweza kukuleta. Akasema, "Mwanangu, haya magoti hayapandi tena ndege." Paa la bluu lipo, halivuji.

3. Siku 913.

Hili ni la wale wajanja wa miezi mitano na siku 25. Unakwenda, unarudi, unakaa wiki tatu unachukua shifti za watu, unakwenda tena. Hakuna safari hata moja iliyofika miezi sita, unajiona umeishinda sheria. Jumlisha sasa. Katika miaka mitano unatakiwa uwe umekuwepo hapa miezi 30, ambayo wao wanaihesabu siku 913. Kuna dada yetu mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara, madera anayatoa Dubai, watoto kawaacha kwa bibi yao Likoni, huku anakuja kufanya kazi ya kutunza wazee miezi michache. Safari zake zote fupi. Alituma N-400 siku 90 mapema akiwa na siku 890 na kitu, akidhani zile 90 zinamruhusu kutimiza mbele ya safari. Haziruhusu. Kutuma mapema ni kwa ajili ya ile miaka mitano tu. Siku 913 ziwe zimetimia siku unayotuma. Ofisa pia alimuuliza swali ambalo alikosa jibu lake: nyumbani kwako ni wapi? Akaanza kueleza habari za madera. Mpaka leo tukitaka kumchokoza tunamuuliza nyumbani kwako ni wapi, na anatutukana vizuri sana.

4. Ukizidisha miezi sita kwa dharura ya kweli, weka barua ya likizo ya kazini, mkataba wa nyumba, bili ulizolipa, na karatasi za mke au watoto waliobaki hapa.

5. Usijaze kodi kwa fomu ya wasio wakaazi ili upunguziwe, hata kama jamaa wa kodi anakwambia ni sawa, maana umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba huishi hapa.

6. Ukishatuma N-400 bado uko sokoni. Makazi lazima yaendelee mpaka siku ya kiapo, kwa hiyo usitume leo kesho ukaenda kukaa Dar miezi minane eti umemaliza. Na uwe umeishi miezi mitatu katika jimbo unalotumia kuomba. Wenye malori mnaohama Texas kwenda Ohio kila mkigombana na bosi, hili ni lenu.

7. Ukiwa umeolewa au umeoa raia na mnaishi pamoja, miaka ni mitatu na siku ni 548, lakini ile miezi sita na ule mwaka mmoja haviangalii ndoa. Ndugu zetu Wakongomani mliopitia Nyarugusu na Kakuma, tazameni kwenye kadi tarehe mliyoandikiwa kuanza ukaazi: kwa mkimbizi inarudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia, na nimeona watu wakingoja mwaka mzima bure kwa kuhesabu tangu kadi ilipokuja kwa posta. Watanzania wenzangu, la kupoteza uraia wa nyumbani ni kilio cha siku nyingine. Wakenya tangu katiba yao ya 2010 wanabeba pasi mbili, wanatuangalia tu.

8. Pasi ya zamani usitupe, na kila safari iandike siku ile ile. Mimi nina daftari la shule, jalada lenye twiga, tarehe ya kutoka upande wa kushoto, ya kurudi kulia. Bado naandika japo sihitaji tena.

Ukiwa nje mwaka au zaidi bila pamiti, shida yako si uraia tena, ni kurudi kwenyewe, hiyo tafuta wakili na si mimi.

Sasa wewe wa Jumapili. Tarehe 10 Juni mpaka 15 Desemba ni siku 187 kwa hesabu yao. Rudi tarehe 5 Desemba. Najua harusi ya binamu yako ni tarehe 12, na najua umeshashonewa kanzu. Tiketi ibadilishe wiki hii kabla bei haijapanda. Dola za kubadili nitakuchangia nusu. Nusu tu.