Logi isifungwe kwenye jina la mtu

Ndugu, skripti yako inagoma kwenye kompyuta ya mwenzako kwa sababu umeandika mahali pa logi (faili la kumbukumbu za skripti), yaani `C:\Users\juma\Desktop\logi.txt` moja kwa moja. Kwake hakuna folda ya juma. Hata kwako, Desktop inaweza kuwa imehamia ndani ya OneDrive.

Kwenye PowerShell, iulize Windows yenyewe ilipo folda ya data ya mtumiaji aliyepo (`$env:LOCALAPPDATA`):

```
$folda = Join-Path $env:LOCALAPPDATA 'SkriptiZangu\logi'
New-Item -ItemType Directory -Path $folda -Force | Out-Null
Start-Transcript -Path (Join-Path $folda 'kazi.txt') -Append
```

Hiyo `-Force` usiiache: folda isipokuwepo inaundwa, ikiwepo hupati kosa.

Ukiiendesha kwa Task Scheduler (kipanga kazi cha Windows) chini ya SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe), logi itaangukia ndani ya `C:\Windows\System32\config\systemprofile`, na utaitafuta hadi jioni. Hapo tumia `$env:ProgramData`, folda ya pamoja ya watumiaji wote. Ila huko, faili lililoundwa na mtumiaji mmoja, mwenzake wa kawaida hulisoma tu, hawezi kuongeza kitu; basi tia `$env:USERNAME` kwenye jina la faili.

`$PSScriptRoot` (folda ilimo skripti yenyewe) wengi wanaipenda. Kwa logi mimi naikwepa, maana skripti ikikaa Program Files, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo.